Wa Kuchelewa, Kuya Kula

Mulisha kuona mwanamuke anapiga lukumbi? Ngojeni kwanza, musiseme ndiyo ya bure. Lukumbi, ile ngoma ya muti yenye kutobolewa ndani, yenye midomo mbili, mumoja sauti ya baba, mwingine sauti ya mama, inasema maneno sawa mutu. Ni kazi ya wanaume. Miye nilipiga, tena mu vita. Mukae, niwaambie.

Mbele ya vita, siku moja sawa siku zote, niko natwanga mupunga na mama kwetu Wamaza. Baba yangu njo alikuwa mupiga lukumbi wa kijiji. Kila mutu alikuwa na jina lake la ku ngoma, jina la maneno mengi. Mudogo wangu Saidi alipenda kuchelewa. Umutume maji asubuyi, anarudia jua liko kichwani, anacheka. Basi baba akamupa jina: "Wa kuchelewa, kuya kula, ingali ya moto." Ni kusema, weye wa kuchelewa, njoo ule, chakula haiyapoa. Jioni baba anapiga ile, kijiji yote inacheka, na Saidi anatokea mu njia pole pole sawa chifu. Miye na muchi wangu nafwatisha mu kinu, ti-to, ti-to-to. Mama ananigombeza: "Amina, unataka kuota ndevu?"

Jioni ile ile kapita, musimamizi wa serikali mu kijiji, akaleta habari. Wazungu wa serikali wanaitisha wanaume, kuko vita na Wadachi ng'ambo ya Tanganyika. Bwana yangu Ramazani, wa Kasongo, alikuwa askari tayari. Saidi wakamukamata kubeba masanduku ya risasi. Wake wa askari walikuwa wanafwata juu ya kupika, basi na miye nikafunga mizigo. Mama akaniambia neno moja tu: "Munaenda na Saidi wawili, murudie wawili." Nikaitika. Hiyo neno nilibeba vita yote, nzito kupita sufuria.

Na musizani tulilia kila siku. Tulicheka sana. Tulitembea, tukapita Kabambare, mpaka ku ziwa, miguu ikavimba sawa mihogo. Ng'ambo wakatuingiza mu gari la moshi. Muke wa sarja, mukubwa wa askari wetu, mwanamuke munene, mutu wa swala, alikuwa na viatu vizuri vya ngozi. Akaona mulango, akaona watu wanaingia kwa adabu, akavua viatu akavipanga chini sawa ku mulango wa musikiti. Gari likaenda. Viatu vikabaki vinatuangalia. Mpaka Tabora Saidi anamuuliza: "Mama, viatu vinakuya na gari ya kesho?" Yeye anamutupia maganda ya karanga.

Kisha tukaingia mapori ya Mahenge. Pori sawa ya kwetu, miti mirefu, mvua, matope mpaka ku magoti, lakini pori ile haikutujua. Chakula ikapunguka. Siku ingine tulipika mizizi, tukaita nyama.

Asubuyi moja tulikuwa tunavuka muto. Risasi zikatoka ku miti.

Sikuona mutu. Niliona majani inatikisika.

Ramazani akanisukuma nyuma ya mutumbwi, akalala juu yangu.

Kisha kimya.

Wadachi walirudi nyuma. Lakini wapagazi wetu walikuwa wametupa masanduku na kukimbilia mu pori, na Saidi naye. Komanda akasema jua likifika kichwani tunaondoka. Mwenye kubaki, amebaki.

Nikaangalia ule mutumbwi. Walikuwa wameugeuza, tumbo juu. Nikatoa miiko yangu miwili ya bugali, nikagonga katikati, nikagonga pembeni. Sauti ya baba. Sauti ya mama.

"Amina, umepata wazimu?" akasema muke wa sarja.

Sarja mwenyewe akakuya mbio. "Acha hiyo. Wadachi watasikia."

Ramazani akasimama kati yetu. "Wasikie. Wanajua Kibangubangu, luga ya kwenu?"

Nikapiga. Wa kuchelewa, kuya kula, ingali ya moto. Tena. Tena.

Majani ikatikisika. Askari wakainua bunduki.

Mutu akatoka, mikono juu. Hakuwa Saidi. Alikuwa kijana wa Lusangi, jirani ya kwetu, matope mpaka ku masikio. Akaangalia mafiga, akaniangalia. "Mama, iko wapi hiyo chakula?"

Moto wenyewe ulikuwa umezimika.

Nyuma yake mwingine, na mwingine, wote watu wa kwetu wenye kusikia ngoma yetu, na kila mutu anauliza chakula. Sarja akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu mwanamuke amedanganya pori yote!" Wakafika kumi na wane. Jua likafika kichwani. Niko napiga tu. Ramazani akashika miiko, akaitoa mu mikono yangu pole pole.

Saidi hakutoka.

Vita ikaisha. Nilipofika Wamaza, mama alikuwa ku mulango. Aliangalia nyuma yangu, mu njia, kwa muda. Hakulia. Akasema: "Huyu ni wa kuchelewa." Kila jioni alimuwekea sahani, akaifunika na jani la ndizi, mpaka siku alikufa. Nazani alijua.

Wale kumi na wane, wenye wangali wazima wanakuya kila mavuno na mupunga mupya, wanasimama pale inje wanaita: "Mama, leo chakula iko?" Napika mpaka sufuria inashiba, tunacheka mpaka machozi. Watoto wao wamejaa hii njia yote. Waliitwa na jina la ndugu yangu, wakaponea mule. Sisemi kama mizani ililingana. Kwa mama yangu mumoja alikuwa muzito kupita kumi na wane, na kwangu vile vile. Lakini nikisikia wale watoto wanapiga kelele mu njia, siwezi kusema nilipiga bure.

Jana mujukuu wangu Zena, huyu mwenye meno mawili inje, alichukua miiko yangu akapiga ku kinu. Ile jina, yote, bila kukosa. Kisha akaniuliza miye bibi yake: "Tate, Saidi alisha kufika?"

"Bado."

Akafikiri. Akaniambia: "Ukichoka, miye nitamuita. Lakini miye nitapika kwanza, Tate. Kisha njo nitapiga."