Pilau ya Krismasi Niliyoimwaga Junju

Sipendi kulisimulia jambo hili, na watu wa kwetu Malindi wakilianza mimi huinuka nikajifanya nimeitwa, kwa sababu wao hulisimulia kama jambo la ushujaa na mimi ndiye ninayejua kwamba hapakuwa na ushujaa wowote, ilikuwa ni aibu tu, aibu ya mtu wa miaka ishirini na miwili kushindwa kufungua mdomo. Lakini ninyi ni rafiki zangu, na bora mlisikie kwangu kuliko mlitazame kwenye simu za watu.

Mimi niliishia darasa la nane, na kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono (kazi nzuri kwa mtu kama mimi, maana kofia haikuulizi kitu). Marehemu baba alikuwa mtu wa Malindi, Mwislamu wa kuzaliwa, na mama ni Mchonyi wa Junju aliyesilimu alipoolewa. Kwao wote ni watu wa kanisa, na mkubwa wao ni mama yake mama, ambaye sisi wajukuu tunamwita Hawe, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Kila Idi Hawe alikuwa akija kwetu na kikapu cha nazi na kuku wawili wazima, wazima kusudi, ili tuchinje wenyewe tusiwe na shaka, akakaa na akala na akatuombea kwa maneno yake. Na kila Krismasi mama alikuwa akienda Junju. "Mimi siendi kusali," alikuwa akimwambia Ami, "naenda kula na mama yangu."

Ami ni ndugu mkubwa wa baba, na tangu baba afariki yeye ndiye baba yetu. Si mtu mbaya, msimwone hivyo, ila mambo ya sikukuu alikuwa hayachezei: Krismasi si yetu, mwaka mpya si wetu, na hata Maulidi alikuwa haendi, ingawa hakugombana na wanaokwenda. Dada yangu alipoletewa keki ya siku ya kuzaliwa na wenziwe wa shule, Ami aliikata vizuri, akawagawia watoto wa jirani, naye akala kipande, kisha akasema, "Keki tumeila. Siku ya kuzaliwa haikuwapo." Basi miaka yote hiyo alikuwa hajakanyaga kwa Hawe siku ya Krismasi, na Hawe alikuwa na dukuduku. "Mimi nala kwao, wao hawali kwangu," alikuwa akimwambia mama. "Sasa mimi ni mkwe wao au ni mwombaji?"

Mwaka jana Hawe aliugua sana, akapona, na alipopona akatuma neno kwamba kabla hajafa ataka kumwona Ami akila nyumbani kwake, na siku ambayo watoto wake wote hukusanyika ni ile ile moja. Mama alilia. Ami alifikiri wiki nzima, akaenda kumuuliza ustadh wa msikitini kwetu, akarudi akasema, "Nitakwenda kumzuru mkwe, sikukuu ni yao wenyewe. Lakini mbuzi achinjwe na mtu wetu anayesali, ninayemjua."

Wote wakanigeukia mimi.

Sasa, mimi maishani mwangu sijawahi kuchinja kitu kikubwa kuliko kuku, na huyo kuku mwenyewe nilimchinja nimefumba jicho moja. Ilikuwa niseme hivyo tu, maneno matatu, sijawahi kuchinja mbuzi. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa furaha, na Ami aliuliza, "Utaweza?", nami nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kutikisa kichwa hakuhitaji sauti.

Tulifika Junju mapema, mama na mimi, Ami atufuate baada ya adhuhuri. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, watu wamejaa, na mbuzi amefungwa kwenye mpapai. Mjomba Kazungu, kaka yake mama, alinipokea kwa kicheko.

"Sheikh wetu amefika," alisema, "na hata ndevu hana."

"Ndevu zinakuja na Ami," akasema Karisa, mwanawe, ambaye simu haimtoki mkononi na alikwishaanza kunipiga video.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno ya kuchinjia kimoyomoyo, na nikajiambia kwamba hayo nitayasema kwa sauti, Karisa ayarekodi, Ami ayasikie, mambo yaishe. Wakamlaza mbuzi, tukamwelekeza kibla, mjomba akashika miguu, mimi nikashika kisu, na watu wakasogea karibu, wanawake, watoto, majirani, kila mtu ananitazama mkono. Na kwa jirani kulikuwa na spika kubwa inayopiga nyimbo za Krismasi tangu alfajiri.

Hapa ndipo pagumu kupaeleza. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa ule tuliofundishwa darasa la tatu, tukauimba shule nzima kabla ya kufunga muhula, na mimi niliimba pamoja na wenzangu kwa sababu kuimba nyuma ya mstari kulikuwa na aibu ndogo kuliko kusimama mbele ya mwalimu kueleza kwa nini siimbi. Basi masikio yakajaa ule wimbo, mkono ukaenda wenyewe, na damu ilipotoka ndipo nilipozindukana nikajikuta midomo yangu inatikisika, na kilichokuwa mdomoni hakikuwa bismillahi, kilikuwa kiitikio. Kiitikio cha kuzaliwa Yesu, jamani, na kisu kiko shingoni mwa mbuzi wa Ami.

"Umeshasema maneno yenu?" mjomba akaniuliza.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Mbuzi akachunwa, akakatwakatwa, nyama yote ikaingia kwenye pilau. Mimi nilizunguka uwanja ule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamfuata mama jikoni, amekaa na dada zake wanamenya vitunguu na kuchekana, nikamgusa bega nikamwita pembeni. Hakuinuka. "Athumani, sura hiyo naijua," alisema. "Kama ni jambo baya lingoje kesho. Leo niache nifurahi." Nikarudi nje.

Ami akaja, kanzu nyeupe, kofia niliyomshonea mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwa Hawe aliyekuwa amekaa kitini na leso mpya, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa miaka ishirini na minne."

"Foleni ilikuwa ndefu, mama."

Hawe alicheka mpaka akajifuta macho, akagonga kiti cha pembeni yake ili Ami akae, na wakaanza kuongea habari za marehemu baba, jinsi alivyokuja kuposa akaogopa mbwa akapanda juu ya kinu. Sijawahi kumwona Ami akicheka vile. Nikasimama nyuma ya kiti chake, nikainama sikioni mwake, nikasema, "Ami."

"Nyama imeiva?"

"Imeiva."

"Alhamdulillahi. Nina njaa."

Basi nikawa na mambo mawili tu: niseme, siku ya Hawe iharibike, au ninyamaze, Ami ale kisicholiwa, na dhambi iwe yangu mimi niliyemdanganya. Ndipo nikaona njia ya tatu, ile ambayo mwenye akili zake haioni. Nitajikwaa. Sufuria itamwagika kwa bahati mbaya, watu watasikitika, watanicheka, watakula wali na maharagwe, na mambo yatakwisha.

Nikajitolea kubeba sufuria pamoja na mjomba Kazungu, mimi huku na yeye kule, tumeshika kwa matambara, Karisa mbele anarudi kinyumenyume na simu yake, akina mama nyuma wanapiga vigelegele. Tulipofika mbele ya Hawe na Ami nikajikwaa. Nilijikwaa vizuri kabisa, nikaenda mpaka chini, ila sikumhesabu mjomba, ambaye amebeba magunia ya mahindi maisha yake yote, akaishika ile sufuria, akaitua chini taratibu, haikumwagika hata punje. "Pole," akaniambia, "umeumia?" Kifuniko kiliondoka, mvuke ukapanda, Ami akanyoosha shingo akasema mashaallah. Nami, nikiwa nimekaa mchangani mbele ya watu wote, nikanyoosha mguu nikaisukuma sufuria kwa unyayo mpaka ikapinduka.

Nyamazeni kidogo, kwa sababu ndivyo walivyonyamaza wao. Pilau yote ilikuwa mchangani, mafuta yamerukia kanzu ya Ami mpaka magotini, na ile spika ya jirani haikujua lolote, ikaendelea.

Hawe ndiye aliyesema kwanza, na hakuinua sauti. "Athumani. Chakula changu kina najisi gani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Kama hamli chetu mngekaa kwenu," akasema mjomba. "Nani aliwafunga kamba mje?"

"Wallahi sikumtuma," akasema Ami.

"Hukumtuma. Na aliyemfundisha ni nani? Keki mwakataa, Krismasi mwakataa, sasa mmetoka Malindi kuja kutuonyesha dini uwanjani kwetu."

Ami akanigeukia, uso umemwiva. "Sema. Waambie kwa nini." Kisha polepole zaidi, "Sema, mwanangu." Watu kama arubaini walikuwa wakiningoja, na simu ya Karisa ilikuwa usoni pangu, na mimi nilitikisa kichwa tu. Hata sijui nilikuwa nakataa nini.

Ami akainuka, akamwomba Hawe radhi, hakujibiwa, akaondoka kwa miguu na kanzu ile ile kuelekea barabarani. Na Hawe akashuka kitini, yeye ambaye magoti hayapindiki tangu alipougua, akapiga magoti mbele ya lile rundo, akachota kwa mkono wali wa juu usioguswa na mchanga, akautia sahanini, akaketi chini akala. Mama akaenda akaketi naye, akala katika sahani hiyo hiyo. Sikuweza hata kumwambia asile.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa aibu, kumbe bado. Video ilifika Malindi kabla yangu, na mtu ameiandikia chini kwamba kijana Mwislamu akataa kuiga sikukuu za wengine. Ijumaa vijana walinipa mkono msikitini, mmoja akaniambia nimewafungua macho, mwingine akataka nizungumze nao baada ya isha juu ya sikukuu za kigeni. Mimi, nizungumze. Ami alikuwa mstari wa mbele, aliyasikia yote, na hakugeuka. Tangu siku hiyo hunijibu salamu kikamilifu, wa alaikumu salamu warahmatullahi wabarakatuh, na baada ya hapo hana neno.

Nilimwendea ustadh peke yake, na kwake nikaweza kusema kwa sababu ni mzee na haoni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa unamchinjia nani yule mbuzi?" akaniuliza. Nikasema nilitaka kuchinja kama tunavyochinja siku zote, mdomo ndio uliopotea. "Ulikusudia kutaja jina lingine?" Nikasema sikukusudia kitu. Akasema, "Kwa madhehebu yetu sisi, aliyesahau kupiga bismillahi nyama yake yaliwa. Ungeliniuliza kwa simu." Nikatoka nje nikaketi kwenye baraza, na viatu vyangu nikasahau kuvivaa.

Idi ikaja, Hawe hakuja. Mama aliweka sahani yake, akaiondoa jioni. Wiki iliyofuata nikaenda Junju peke yangu. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikaketi chini, nikamweleza yote, kisu, spika, kiitikio, mguu, nikigugumiza lakini nikafika mwisho. Hakuacha kupukuchua.

"Miezi mitatu na zaidi unaitunga hii?" alisema.

"Ni kweli, Hawe."

"Wimbo upi?"

Nikamwambia ule wa kuzaliwa, wa shuleni.

"Ziko nyingi za kuzaliwa. Imba niusikie."

Tulikuwa wawili tu, na kuku. Mtu aliyemwimbia mbuzi mbele ya watu arubaini angeshindwa nini kumwimbia nyanya yake? Wimbo nilikuwa nao, kila neno, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Hawe alingoja. Alingoja muda mrefu, kwa haki kabisa, ameacha mahindi, amenitegea sikio. Kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Unaona," alisema.

Akaniletea mihogo ya kuchemsha kwenye sahani. "Kula. Mihogo haichinjwi." Nikala yote, na yeye akaingia ndani.

Siku hizi mama huenda Junju na chakula chake mwenyewe ndani ya kibakuli, si kwa sababu ya dini, ni kwamba wajomba hawampikii tena. Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitashika kisu tena, hata kwa kuku. La pili, neno likinikaa kooni nitalitoa siku hiyo hiyo, likiwa dogo, hata watu wakinicheka. Na ule wimbo nauimba, mkitaka kujua. Nauimba chumbani nikiwa peke yangu na kofia zangu, na sauti hutoka vizuri kabisa.