Kima wa Kisarawe na Programu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakuniuliza hata jina. Alinipa brashi, kopo la rangi nyekundu na ubao, akaniambia niandike NYAMA. Nilipomaliza alinivusha Barabara ya Morogoro, hapo kituo cha Kwa Mathias, akanigeuza nitazame. "Haya binti, soma ukiwa huku. Bango halisomwi mezani." Nikasoma, nikaona herufi zimebanana na ya mwisho imekosa pa kukaa. Nikarudi nikafuta. Sheria hiyo ya kuvuka barabara ndiyo iliyonilisha miaka yote, na ndiyo iliyokaribia kuniumbua.

Tulichora mabucha, saluni na kuta za shule, kuanzia mtaa wa Picha ya Ndege hadi wa Sofu. Kukuza mchoro tulitumia miraba: midogo kwenye karatasi, mikubwa ukutani, kisha unahamisha mstari kutoka mraba hadi mraba. Baadaye kompyuta zikaingia. Fundi Mkuu akastaafu, akaja Meneja, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, mstaarabu lakini mwenye haraka. Wenzangu waliogopa kipanya. Mimi nilivaa miwani, nikajifunza, nikapewa kiti cha usanifu. Nilikipenda kiti kile, sioni haya kusema.

Ndipo akaja Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa Kisarawe. Alikuwa amemchongesha seremala makabati manne ya plaiwudi ya mashine za gemu, marefu kunipita, na alitaka kufungua ukumbi wake sikukuu ya Idi.

"Ubavuni nataka kima anaendesha lori la mihogo, anateremka mlima," alisema. "Mtoto akimwona asahau alikotumwa."

"Nimekuelewa, dada," nikamjibu, nami nimeshaanza kucheka.

Tulikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya picha: inaunda mchoro kwa pikseli, yaani vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae, na ukiukuza mchoro, vigae navyo vinakua. Ya pili ilikuwa ya mistari. Hiyo haitunzi vigae, inatunza njia ya mstari, unaanzia wapi na unapinda wapi, kwa hiyo hata ukiutaka mkubwa kama ukuta unatoka safi.

"Tumia ya picha," Meneja akasema. "Ndiyo tunayofanyia kadi za harusi. Idi hiyo inakuja, Mama."

Nikamchora kima kwa ukubwa wa kadi, unyoya mmoja mmoja. Nikamkuza, nikachapa stika ya ubavu mmoja wa kabati, nikaiegemeza ukutani, nikavuka barabara. Kima alipendeza! Nilirudi napiga vigelegele peke yangu, waendesha bodaboda wananishangaa.

Kule Kisarawe, Bi Mwanaidi hakuvuka barabara yoyote. Alisimama pale atakaposimama mtoto anayesubiri zamu, pua yake shubiri moja kutoka kwenye stika.

"Mama," akaniuliza taratibu, "huyu kima ana ukurutu?"

Nikasogea. Manyoya yote yalikuwa yamevunjika vigae vigae. Ukiwa mbali macho huviunganisha, ukiwa karibu vinajianika. Aibu ilinishika, mtu mzima mimi. "Nimekosea, dada," nikamwambia. "Nimekuchorea wa kutazamwa kwa mbali, na watoto wako watakuwa karibu."

Niliporudi karakana, Meneja hakufurahi. "Watoto hawaangalii hayo. Bandika."

"Sibandiki."

"Basi Mama, ukichelewesha Idi ya watu, kiti nampa mwingine, wewe unakwenda kwenye gundi na wabandikaji."

"Sawa. Lakini programu nachagua mimi."

Nikafungua ile ya mistari. Siku ya kwanza ilinitesa, kwa sababu haitaki unyoya mmoja mmoja, inataka maumbo machache yaliyokamilika. Siku ya pili nikaacha kushindana nayo. Nikapitisha mstari wa mgongo wa kima kwa pumzi moja, mnene katikati, mwembamba mwishoni, kama tulivyokuwa tukiburuta brashi, nikahisi mkono wangu umerudi nyumbani. Nilifurahi kiasi cha kuimba pambio la kwaya yetu. Meneja alipita akasimama nyuma yangu, kisha akaenda akaniletea chai na chapati. Stika ilipochapwa, nilipiga magoti nikaikagua kwa pua. Kingo zilikuwa safi kama zimekatwa kwa wembe.

Siku ya Idi watoto walimzunguka kima wakiwa na nguo zao mpya, wanampapasa meno. Bi Mwanaidi alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Meneja akawatazama weee, mwishowe akasema, "Mama, weka jina lako." Kwetu bango lilibeba jina la karakana tu, la mchoraji halikuandikwa kamwe. Nikaomba brashi, nikaliandika dogo, sehemu ya chini ya ubavu wa kabati la kwanza.

Kiti cha usanifu nilikikalia mpaka nilipostaafu. Vijana wakiniuliza programu ipi ni bora, huwauliza kwanza mtazamaji atasimama wapi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe. Kima bado anateremka na mihogo yake, hajachuja. Jina langu ndilo halipo. Magoti ya watoto wanaosubiri zamu yamelifuta lote. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Bi Mwanaidi akatuma brashi iletwe niliandike tena, nikamwambia aache tu, watoto waendelee kusogea karibu.