Udongo Uliookwa

Somo la vijidudu nilikuwa nimeshaanguka mara moja. Nikianguka tena, uuguzi basi, nibaki kuogesha wazee wa watu mpaka nizeeke mimi.

Mwalimu alimpa kila mmoja wetu aina yake ya bakteria aitoe kwenye udongo, iote peke yake kwenye sahani. Yangu ilikuwa ile inayojifungia ndani ya ganda gumu mambo yakiharibika. Naipataje? "Fikiria mwenyewe," akasema. Haki, mwalimu gani huyo! Sahani yangu ya kwanza iliota kila aina ya uchafu. Nikabaki na nafasi moja.

Nikachota udongo nyuma ya nyumba yetu huku ughaibuni, Riverdale Park, nikauacha kwenye bakuli jikoni, nikakimbilia kazini. Kurudi jioni, theluji imefunika kila kitu, na bakuli tupu! Niliyepanga naye, dada wa Unguja mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa anapoza trei aliyoitoa kwenye oveni.

"Ahsante mdogo wangu, umenikumbuka! Nimeuoka, maana mbichi hauliki."

"Woi, dada, umenimaliza! Umeua vijidudu vyangu vyote!"

"Sasa we ulitaka nile na vijidudu?"

Nililia kwa hasira. Lakini darasa lilikuwa kesho yake asubuhi, na udongo mwingine sina. Nikaubeba huohuo, nikaukoroga kwenye maji, nikapaka sahani.

Siku mbili baadaye nikafunua kifuniko nikijua hakuna kitu. Ai! Madoa meupe, mapana, yote sura moja! Nikayatia rangi, nikainama kwenye hadubini. Vijiti vyekundu, na ndani ya kila kijiti punje ya kijani. Ganda lenyewe! Nilipiga kelele darasa zima likageuka.

Mwalimu akauliza nimefanyaje. Nikamweleza ukweli, oveni na mimba na yote. Alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo njia yenyewe. Joto linaua wengine wote, wenye ganda wanabaki. Umepita."

Nilifika nyumbani mbio, nikamkumbatia dada, nikamsimulia bila kupumua.

"Kwa hiyo hao wenye ganda hawakufa?"

"Hawakufa! Wako hai kabisa!"

Akaweka mkono tumboni.

"Basi, nesi," akasema polepole, "mie siku ile nilikula vijiko viwili kabla hujarudi."