Nani Asimame Kizimbani

Wanafunzi humwita mwalimu wao wa fasihi Mzee Funzo, na si kwa sababu ya umri. Kila akifunga kitabu huuliza, "Haya, funzo ni nini?" na darasa humjibu kwa sauti moja, kama linaloitikia dua: "Tusibaguane kwa rangi!" Akishasikia hilo huenda kunywa maji. Koo lake limeliwa na chaki.

Amefundisha riwaya moja tu tangu akiwa na nywele. Ni kisa cha kibarua mweusi anayesingiziwa wizi wa farasi, na wazee wa baraza, weupe watupu, wanaomtia hatiani huku wakijua fika kwamba hakuiba. Kila mwaka, siku ya wazazi, darasa lake huigiza ile kesi. Nyundo ya hakimu ni kifutio cha ubao, na kizimba ni madawati yaliyogeuzwa.

Kugawa nafasi hakumsumbui. Wenye sauti huwa mawakili. Kibarua hasemi sana, husimama tu kainamisha kichwa, na nafasi hiyo humwangukia mtoto wa machimboni. Wazazi wa huko huponda kokoto nyuma ya mji. Babu zao waliletwa na kazi kutoka mbali; ni weusi kuliko wenyeji, na hadi leo huitwa wakuja, ingawa wengi wamezaliwa hapa hapa.

Mwaka huu alimtaja binti mmoja wa mponda kokoto, mwembamba, anayekaa karibu na dirisha. Binti hakuinuka.

"Mwaka jana alikuwa kaka yangu, mwalimu. Mwaka juzi binamu yetu. Wezi wa farasi ni sisi tu?"

"Farasi mwenyewe hamjawahi kumwona!" akadakia mmoja, darasa likacheka.

"Basi unataka nini?" mwalimu akauliza, kwa uchovu kuliko ukali.

"Uhakimu."

Mwalimu anasema hakufikiria lolote kubwa. Alitaka kipindi kiishe. Akampa uhakimu, na kizimbani akampeleka mvulana aliyekuwa amepangiwa uhakimu, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Kesho yake mama wa mvulana alimkuta ofisini, akakataa kiti.

"Mwanangu asimamishwe kizimbani mbele za watu? Umekosa wa kumsimamisha?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Kama ni mchezo tu, mrudishe kizimbani yule uliyempangia." Mama akafika mlangoni, akageuka. "Na uhamisho, mwalimu, haupigi hodi."

Amebakiza muda mfupi astaafu. Mkewe ana mguu mbovu na hospitali iko jirani. Jioni alimsimulia.

"Baba watoto, mpe mwenye nguvu chake tulale," mkewe akasema.

"Na yule binti nimwambie nini?"

"Mwambie funzo."

Mkewe alikuwa akitania. Yeye hakucheka.

Hakubadilisha kitu. Ukimsifu kwa ushujaa anakunja uso: alitafuta maneno ya kumwambia binti, akayakosa, siku zikapita.

Siku ya wazazi mvulana alisimama vizuri, kichwa chini, jasho likimtoka kweli. Mashahidi wakajikanyaga, wakili akamaliza, ukumbi mzima ukaelewa kwamba kibarua hana kosa. Binti akagonga kifutio.

"Baraza limekuona una hatia."

Mama wa mvulana akasimama. "Lakini hakuiba! Si mmesikia wenyewe kwamba hakuiba?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Safu za nyuma tu, walikokaa waponda kokoto, hazikucheka. Huko walikuwa wakimtazama yule mama.

Hakimu akagonga tena. "Kaa chini tafadhali, mama. Baraza halijafungwa."

Mama akakaa, mkoba mapajani. Watu walipotawanyika alimpita mwalimu bila kuaga. Mwalimu alipanga viti mwenyewe.

Uhamisho ulitoka baada ya likizo: shule ya mbali, riwaya ile ile. Alimuuliza karani wa elimu kama huko kuna machimbo.

"Hakuna. Kuna mashamba makubwa."

"Na vibarua?"

"Tele, na watoto wao wanasoma hapo hapo. Kwani vipi?"

Mwalimu akaaga, akaenda kumsaidia mkewe kufunga vyombo.