Picha Aliyoonekana Bernadina

Evaline, mpiga picha wa Katesh, ana ugonjwa mmoja: hakubali picha mbaya itoke mkononi mwake. Wenzake wanabonyeza, hao wameondoka. Yeye atakusogeza, atakurudisha, atakufunga kifungo cha shati, mpaka ujute kuwa na uso.

Kwa hiyo mzee Akonaay wa Gendabi alipotaka picha ya familia, alimwita yeye. Shida ilikuwa mke wake, bibi Bernadina. Magoti yalishamkatalia, hivyo hupigwa picha akiwa amekaa ndani ya mlango, kwenye kivuli, wenzake wako uani na Mlima Hanang unang'aa nyuma ya nyumba. Kamera ikifuata mwanga wa nje, bibi anakuwa giza tupu. Ikimfuata bibi, mlima unapotea na wajukuu wanakuwa weupe kama unga. Flashi nayo inamfumbisha macho. Ukutani zilijaa picha za ubatizo, kipaimara na harusi, na katika zote bibi ni shimo jeusi. Wageni walikuwa wakimpa Akonaay pole ya kufiwa na mke, na Bernadina yupo hapo hapo, anawamiminia chai.

"Nitazikwa bila sura," alimwambia Evaline, na hakuwa anatania.

Evaline akaeleza mpango. Atapiga tatu, kamera imetulia kwenye stendi: moja ya giza kwa ajili ya mlima, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi kwa ajili ya bibi. Halafu atazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, mlima juu ya mlima, mlango juu ya mlango, achukue kizuri cha kila moja. Ila mtu asitikisike. Wote wakakubali.

Akabonyeza ya kwanza. Hapo akatokea mzee Yonas, jirani yao mfugaji, na ng'ombe wake. Sasa niambie, nani atasimama kama nguzo wakati mzee anapita? Ukoo mzima ukamgeukia, wadogo na shikamoo zao, Akonaay na salamu zake, na ya pili ikawa imeshapigwa. Yonas aliposikia kwamba watu hawatakiwi kutikisika, akaona ni adabu naye atulie, akasimama katikati yao na ng'ombe wake. Ya tatu hiyo. Kabla Evaline hajaanza upya, wingu likaumeza mlima.

Alihangaika na kompyuta mpaka akataka kulia, kisha akaipeleka picha Gendabi kuomba radhi. Akonaay alikuwa na vichwa viwili, kimoja kwa kamera, kimoja kwa Yonas. Wajukuu walikuwa na mikono ya ziada. Ng'ombe alikuwa kivuli chenye pembe, na tumbo la Yonas lilionyesha ukuta wa nyuma. Bernadina peke yake, kwa kuwa amemzidi Yonas umri na alitulia kungoja aamkiwe yeye, alitoka safi, kila kunyanzi mahali pake.

Evaline akaomba arudie bure. Akonaay akakubali haraka haraka. Bibi akaikumbatia picha kifuani, machozi yanamtoka.

"Miaka yote mmeonekana ninyi, sikusema kitu," alisema. "Itundikeni."

Ikatundikwa. Siku hizi mgeni akiitazama anauliza, kwa adabu, mzee ni yupi. Bibi humwonyesha kichwa cha kushoto. Siku wakigombana, humwonyesha ng'ombe.