Jina Chini ya Anjera

Jumamosi ile nyumbani kwangu Shard End, Birmingham, tulikuwa wanne. Nilikuwapo mimi niliye kifungua mimba; mdogo wangu wa kike, kitinda mimba, aliyekuja kutoka Kanada; mama mkwe wake, Mzungu wa huko kwenye mashamba ya ngano; na Habo. Habo ni neno la Wasomali la kumwita dada wa mama. Kwetu hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa jirani kule nyumbani Eastleigh, mlango ukitazamana na wetu, na sasa anakaa Sparkbrook kwa binti yake. Nilipokuja Birmingham kufanya kazi ya kutunza wazee, yeye ndiye aliyenipokea.

Mdogo wangu anaandika juu ya chakula huko Toronto. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa karibu kutoka, na alikuja nimpikie anjera, zile chapati laini za Wasomali za unga uliochachushwa, apige picha. Alitaka mikono yangu peke yake, bila uso. Alisema mikono hiyo itasimama badala ya mikono ya mama.

Mama yetu hakupika anjera hata siku moja. Alitoka alfajiri kwenda kazini, nasi tulikunywa chai kwa mkate wa dukani. Wazazi walipofariki, mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na huyu mdogo alikuwa na mitatu. Niliacha shule. Habo akawa anavuka na sahani kila asubuhi, anjera zikiwa moto, zimepakwa samli na sukari. Mtoto alikataa. Alifunga mdomo siku mbili, hata nikaogopa. Siku ya tatu nikamwambia, "Kula, hii ndiyo mama alikuwa anakupikia." Akala. Kesho yake nikasema tena. Baadaye Habo alinifundisha kuchachusha unga na kuumimina na kuutandaza kwa kitako cha kikombe, duara kutoka katikati kwenda nje, na tangu hapo sikuhitaji tena kusema kitu. Uongo ulishaota mizizi.

Mama mkwe alikuja na zawadi: kitabu cha mapishi cha wanawake wa kanisa lake, kimeshikwa kwa waya ubavuni. Mdogo wangu alimtafsiria Habo. Alisema huko kila kanisa lina kitabu cha aina hiyo, na chini ya kila pishi huandikwa jina la aliyelitoa. Hata bakuli likipelekwa kwenye karamu ya kanisa hubandikwa jina la mwenyewe chini yake. Mama mkwe akaongeza kisa cha mwanamke mmoja aliyetia jina lake chini ya keki ya jirani. Hakuna aliyemgombeza. Ila mpaka anazikwa, watu walimkumbuka kwa keki ile.

Habo alicheka sana. Alikwisha kumpenda yule mama, kwa sababu alikuwa amemimina asali ya kwao, ile inayopikwa kwa utomvu wa miti, juu ya anjera bila kuuliza ruhusa, na Habo akachovya na kusema huyu naye ni Msomali.

Kisha mdogo wangu akatusomea ukurasa wake. Alisoma kwa Kiingereza, akasimama kila baada ya sentensi kumfafanulia Habo. Mama anaamka kabla ya jua. Mama anachora duara kwa kitako cha kikombe. Nilikuwa jikoni, mgongo nimewageuzia, anjera ikiungua. Mama mkwe akauliza kama mama yetu alikuwa Msomali. Mdogo wangu akajibu kwamba hapana, ila aliishi na majirani Wasomali, labda aliona kwao.

Habo aliweka kikombe chini. "Marehemu alikuwa mtu mzuri," alisema.

Nilimsindikiza kituo cha basi. Alitembea polepole, nami nilijua ananisubiri nianze. Akaanza yeye.

"Ni wewe ulimwambia?"

"Alikuwa hataki kula, Habo. Nilidhani atakufa."

"Wakati ule ni sawa. Mtoto hudanganywa ili ale. Huyu sasa ana mume." Aliangalia basi likija. "Sitaki kitu chake. Lakini yule Mzungu hata bakuli lake lina jina."

Nilirudi nikamwambia mdogo wangu kila kitu tukiosha vyombo, mama mkwe akiwa amelala juu. Hakulia. Aliendelea kufuta sahani ileile.

"Kwa hivyo mama alikuwa ananipikia nini?"

Nilifikiri. Nilitafuta kwa bidii kweli, maana ningempa chochote ambacho kingekuwa cha kweli. Niliona mkate, niliona chai, nilimwona mama akivaa viatu gizani. Nikamwambia sikumbuki.

"Maneno yalishaenda kuchapwa, inasubiriwa picha tu," alisema. "Na hata yangekuwa bado, singebadilisha. Wewe uliishi na mama miaka kumi na minne, dada. Mimi nina hiyo anjera tu."

Nilimwambia Habo yuko hai, na mama hatasikia uchungu wowote tukisema ukweli. Akanijibu kwamba nilipaswa kumwambia alipokuwa na miaka kumi, si sasa. Hapo alisema kweli. Lakini haki ya Habo haikupungua kwa sababu mimi nilichelewa.

Kitabu kilifika kwa posta. Mikono yangu imejaa ukurasa mzima, na chini yake imeandikwa kwamba hivi ndivyo mama alivyofanya. Nilichukua kalamu nikakata neno "mama", nikaandika jina la Habo kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama wanavyojitaja wenyewe. Hiyo ni nakala moja. Nyingine ziko madukani Kanada, na watu wanapika.

Nilimpelekea Sparkbrook. Habo hasomi Kiingereza, ila jina lake analijua. Alipitisha kidole juu ya wino wangu, akauliza, "Hivi ndivyo walivyochapa?"

Nikasema hapana.

Akanirudishia kitabu. Kila mwezi nampigia mdogo wangu simu kumkumbusha, na kila mwezi ananiambia kikichapwa mara ya pili, tutaona. Katika kisa hiki nimemwita Habo tu, kwa sababu jina lake linapaswa kusimama kwanza kitabuni, pale lilipoachwa, na deni hilo bado hatujalilipa.