Nani Alishika Kamba ya Jua

Mume wangu Jilala ni mtu wa kamba. Hapa Nyarugusu kila mtu anaitafuta dhahabu kwa namna yake: wapo wanaochimba, wapo wanaoponda mawe, wapo wanaonunua, na wapo wanaokaa kwenye mabenchi kusubiri wenzao wapate. Jilala anapima. Ukitaka kujua duara lako la kuchimbia limeshuka mita ngapi, unamwita, anakuja na kamba yake ya mita hamsini, fundo kila mita, kitambaa chekundu kila mita kumi. Wenye maduara hawampendi sana. Wakitembelewa na mwekezaji kutoka mjini wanataka duara liwe mita arobaini na tano, Jilala akipima linakuwa ishirini na tisa.

Ana sharti moja tu. Hapimi mpaka mtu ashuke chini akashike ncha ya pili. Zamani alikuwa anafunga jiwe kwenye ncha na kuliteremsha. Siku moja jiwe likakaa kwenye ukingo katikati ya shimo, yeye akatangaza mita ishirini. Wachimbaji wakakata kamba ya kushukia ya mita ishirini, na mmoja wao, Mageni, akashuka nayo. Kamba ikaisha, Mageni akaendelea. Hakufa, ila mguu wake wa kulia mpaka leo unakwenda kivyake. Tangu hapo ukimtajia Jilala namba yoyote, hata bei ya sukari, anakuuliza: nani alishika ncha ya pili?

Tena ana jicho moja. La kushoto lilichukuliwa na kipande cha jiwe wakati anaponda mawe. Mtu wa jicho moja hajui vizuri kitu kiko umbali gani. Wiki za kwanza alikuwa akimimina chai mezani, na kikombe kiko pale pembeni kikavu. Halafu akajifundisha. Kabla ya kushika kitu anasogea hatua kushoto, anakitazama, anasogea kulia, anakitazama tena. Kikihama sana mbele ya vilivyo nyuma yake, kiko karibu. Kikihama kidogo, kiko mbali. Watoto wanamwita Mzee Sogea. Kanisani akienda kutoa sadaka anasogea huku na huku mbele ya kikapu mpaka mzee wa kanisa anadhani amebadili mawazo. Mimi nimeshazoea, natazama dirishani.

Jina langu Asteria, lakini jina ninaloitikia ni Mama Lusia. Lusia wetu alikuwa darasa la saba. Kila asubuhi kabla ya shule alikwenda kisimani na ndoo, kila asubuhi alichelewa, na kila akichelewa alichapwa fimbo mbili. Sababu ilikuwa ukuta wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji bado yupo na mimi bado naishi hapa, lakini nitasema. Ukuta ule umeandikwa kwa rangi ya bluu kwamba kila kaya inapata maji ndani ya mita mia nne. Mwalimu mkuu, Mwalimu Onesmo, ni msomi, na msomi anaamini maandishi. Akasema mtoto anayechelewa kutoka mita mia nne ni mvivu, na uvivu dawa yake inajulikana.

Jilala akachukua kamba. Ncha ya pili niliishika mimi mwenyewe. Kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani tulipata mita elfu mbili mia tatu arobaini na moja. Akaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wetu wa nje, maandishi makubwa kuliko yale ya ofisini. Mwenyekiti Maganga akapita, akasoma, akaondoka bila kusalimia. Mtu ambaye wakati wa kura alikuwa anasalimia mpaka mbuzi wetu.

Basi wageni wakaja shuleni kukagua, kwa gari jeupe. Mmoja akauliza darasa la saba: kutoka duniani hadi kwenye Jua ni umbali gani? Lusia akasimama.

"Kilomita milioni mia moja na hamsini. Lakini baba anasema hiyo ni hadithi, kwa sababu hakuna aliyeshika ncha ya pili."

Wageni wakacheka sana. Yule mwingine, kwa kunogewa tu, akamuuliza: na kutoka kwenu hadi kwenye maji?

"Mita elfu mbili mia tatu arobaini na moja. Hiyo ilishikwa pande zote mbili. Mama alikuwepo."

Hapo hawakucheka. Mmoja akafungua faili, akatazama ndani, akalifunga polepole.

Barua ikatufikia kesho yake. Ilisema mwanafunzi Lusia Jilala amesimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu, kwamba mzazi wake anafundisha nyumbani mambo yanayopingana na mtaala kuhusu Jua, na kwamba mtoto atarudi darasani pale mzazi atakapofika kwenye kikao cha wazazi, akiri kosa na kufuta takwimu zake zote. Niliisoma mara mbili. Shule sikufika mbali, lakini hiyo "zote" niliiona. Jua lilikuwa kisingizio. Walichotaka kufuta ni mkaa wetu. Mtu akishaonekana amekosea Jua zima, hadharani, nani atamsikiliza habari ya kisima?

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tano.

"Baba Lusia," nikamwambia, "nenda ukaseme umekosea, mtoto arudi shule."

"Nimekosea nini?"

"Lolote. Sema Jua liko hukohuko wanakosema. Jua limekufanyia nini wewe?"

"Sijalipima, na simjui aliyelipima. Mageni anachechemea kwa sababu ya namba niliyoisema bila mtu kuishika."

"Kwani Mageni atateremka kwenye Jua?"

Akaanza kukunja kamba yake. Nilimchukia siku zile, sifichi. Wenzake Lusia wanarudia hesabu za miaka iliyopita, wangu amekaa nyumbani anachambua dagaa, na baba yake ana ugomvi na Jua. Nilimpikia ugali mtupu siku mbili mfululizo. Akaula wote, akashukuru.

Aliyetuokoa ni Lusia mwenyewe. Siku ya tatu, alasiri, alikuja na kitabu cha sekondari alichoazima kwa Rhoda, binti wa jirani. Akamsimamisha baba yake uani.

"Baba, kumbe kamba haikuhitajika. Nyoosha mkono, weka kidole gumba mbele yako, ukitazame kwa jicho moja halafu kwa lingine. Utaona kinahama."

"Ng'wanawane, mwanangu," Jilala akasema taratibu, "mimi ninalo moja."

Mtoto alishikwa na aibu mpaka nikamhurumia. Halafu akasema, "Basi sogea. Sogea kama unavyosogea siku zote."

Jilala akasogea kushoto, akasogea kulia, kidole kikiwa kimeelekea kwenye mpera. Kidole kikahama, mpera ukabaki.

"Hii mbona naijua," akasema.

"Ndiyo hiyohiyo, baba. Kwa Jua, watu walikwenda kusimama mbalimbali, kila mmoja na upande wake wa dunia, wakaitazama sayari ya Zuhura ikikatiza mbele ya Jua. Kila mmoja akaiona imepita mahali tofauti kidogo. Kwa kuwa walijua wameachana umbali gani, wakapiga hesabu. Na nyota, waliangalia Januari, wakasubiri mpaka Julai, dunia ikawa imehamia ng'ambo ya Jua, wakaangalia tena."

"Wakasogea."

"Dunia ilisogea nao."

"Na nyota ikahama?"

"Kidogo mno. Ndiyo maana tunajua iko mbali." Lusia akafunua ukurasa mwingine. "Tuseme kutoka hapa hadi kwenye Jua ni hatua yako moja. Basi nyota iliyo karibu kuliko zote, ukiacha Jua lenyewe, ni hatua laki mbili na elfu sitini na nane. Na hiyo ni jirani. Nyingine ziko mbali mara mia, mara elfu."

Jilala alihesabu midomo ikicheza. Hatua zake ni ndefu, na barabara ya kwao anaijua, kwa sababu alizaliwa Songwa, kule Kishapu kwenye almasi, na ndiko alikotoka kuja kwenye dhahabu. Akahesabu hadi Kahama, hadi Shinyanga mjini, akapitiliza.

"Hiyo inafika Songwa," akasema. "Jua liko hapa mlangoni, nyota iko kwa mama."

Mama yake amezikwa huko, na tangu mazishi hajarudi. Jicho lake moja lilikuwa limelowa, na hasira zangu zikapungua bila mimi kupenda. Jioni ile ugali ulikuwa na mboga.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya darasa la saba, wazazi tumekunjana kwenye madawati ya watoto wetu. Mwenyekiti Maganga alipewa kiti cha mikono. Mwalimu Onesmo akaisoma barua kwa sauti ya kusomea matokeo, kisha akamwita Jilala mbele.

"Nilisema hakuna aliyelipima Jua," Jilala akaanza. "Nilikosea. Lilipimwa, na waliolipima ni mafundi kunizidi. Ni kilomita milioni mia moja na hamsini. Mwalimu, naomba radhi kwako, na kwa Jua pia."

Watu wakacheka, hata mwalimu akatabasamu, na mimi nikashusha pumzi. Mtoto amerudi shule.

"Imekwisha," Maganga akasema. "Mwalimu, andika hapo kwamba takwimu zake zote zimefutwa."

"Bado, Mwenyekiti," Jilala akasema. "Jua nimelikubali baada ya kujua nani alilipima, alisimama wapi na aliona nini. Sasa na zile mita mia nne za ukutani naomba niambiwe hivyohivyo. Nani alishika ncha ya pili?"

"Zile zimetoka juu."

"Juu umbali gani?"

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Maganga akatazama simu yake, akakumbuka kikao kingine, akatoka, na tukasikia bodaboda inawaka. Mwalimu Onesmo akabaki peke yake mbele na kalamu mkononi. Jilala akatoa kamba kwenye mfuko.

"Mwalimu, mimi usiniamini. Shika."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu ameshaokoa mtoto wake, anamrudisha tena kwenye moto kwa mikono yake. Mwalimu aliitazama ile ncha, akatutazama wazazi, wote tunamtazama yeye. Akaishika.

Tulianza mlangoni kwetu, kikao kizima nyuma yao. Lusia alibeba ndoo, maana safari ya kisimani haiendewi mikono mitupu. Mwalimu alishika, akahesabu, akaandika kwenye daftari. Kamba ya kumi alikuwa bado anatoa hotuba kuhusu usahihi. Kamba ya ishirini alivua koti. Kamba ya thelathini viatu vyake vyeusi vilikuwa vyekundu kwa vumbi, akauliza kama bado sana.

"Bado, mwalimu," Lusia akajibu. "Hapa ndipo kengele ya shule inaponikuta, nikiwa narudi."

Mwalimu aliandika thelathini na moja.

Kisimani tulikuta foleni ya ndoo na akina mama waliokuwepo tangu alfajiri. Mwalimu akajumlisha mwenyewe, akarudia kujumlisha, jasho likidondokea daftari. Kamba arobaini na sita na mita thelathini na nane. Mita elfu mbili mia tatu thelathini na nane.

Jilala alilitazama lile daftari, uso umemshuka. Nikajua anachotaka kufanya, nikamvuta shati, asisikie. Akawageukia watu.

"Wazazi, mimi nilisema arobaini na moja. Leo mwalimu ameshika, imekuwa thelathini na nane. Barua ilinitaka nifute takwimu zangu. Nafuta mita tatu. Naomba radhi."

Mara hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Onesmo alikaa juu ya ndoo ya mtu, iliyofunikwa, akajipangusa shingo.

"Lusia," akasema, "Jumatatu uje shule."

"Nifike saa ngapi, mwalimu?"

Akaitazama foleni. Akaitazama njia tuliyoijia, yote.

"Saa utakayofika," akasema.